Viti vya Gari Ambalo Halijafika

Jumapili, 2 Machi

Nimehamia kwa binti yangu hadi mvua zitakapokwisha. Goti langu halipatani na tope, na njia ya kwangu msimu huu ni tope tupu. Nimepewa chumba cha chini kinachopakana na karakana yake ya kushona viti vya magari. Ukuta ni wa mbao, na cherehani naisikia kana kwamba imewekwa chini ya mto wangu. Nitaandika humu kila siku nitakayokuwa na la kuandika. Siku nisiyokuwa nalo, nitaandika hivyo.

Jumatatu, 3 Machi

Mvua. Hakuna la kuandika.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimeelewa kinachowashughulisha watu wa nyumba hii. Kuna gari linalotarajiwa kufika mwisho wa masika: gari dogo la mbio, la milango miwili, ambalo kiwanda chake kimeahidi kuliuza kwa bei ya watu wa kawaida. Halijaonekana. Kilichoonekana ni picha ya taa moja gizani, na nyingine ya umbo lililofunikwa shuka. Hata hivyo kila mtu analizungumzia kana kwamba amelipanda jana. Hapa karakanani wamelipa jina. Wanaliita Mgeni.

Meneja wa ukumbi wa magari ulioko kwenye mzunguko wa barabara amewaambia mafundi wa viti wa mtaa huu kwamba Mgeni atakuja na viti vya kitambaa hafifu, na kwamba yeye angependa kila mnunuzi auziwe gari pamoja na vifuniko vya ngozi bandia. Siku gari litakapofunuliwa, kila fundi alete vifuniko vyake. Ambaye vifuniko vyake vitakaa vizuri ndiye atakayepewa kazi ya magari yote yatakayofuata. Vipimo meneja hana. Hata yeye hajui ataletewa toleo lipi.

Nilimuuliza binti yangu mtu anashoneaje kiti asichokiona.

“Kwa kukisia, Baba.”

Nilifundisha lugha tangu ujanani, kisha nikasahihisha vitabu vya shule mpaka macho yakagoma. Sikuwahi kumruhusu mwanafunzi anipe jibu la kukisia. Nilinyamaza, kwa kuwa nyumba si yangu.

Jumamosi, 8 Machi

Karakana ina watu watatu. Wa kwanza ni binti yangu, mwenye mali. Wa pili ni mwanawe, mjukuu wangu wa kike, ambaye amemaliza shule na sasa anapima na kukata. Nimempa jina la Tetesi kwa sababu kila asubuhi huja na habari za Mgeni alizozitoa kwenye simu, na hakuna hata moja inayojulikana ilikotoka. Wa tatu ni Fundi Sponji, mtu mnene na mpole, anayechonga sponji za viti kwa kisu cha mkate na kuongea mara chache.

Leo wakati wa chai mabishano yalikuwa juu ya matoleo. Tetesi anasema Mgeni atakuja na paa la kukunja, kwa hiyo viti vya nyuma vitakuwa vyembamba kama rafu. Sponji anashikilia kwamba viti vya mbele vitakuwa vya mashindano, ambavyo mto wa kichwa na mgongo wa kiti ni kipande kimoja. Fundi wa ng’ambo ya barabara, anayeitwa Bwana Tayari kwa sababu ya kibao chake kinachosema “Tayari Leo”, ameapa mbele ya watu kwamba ni gari la watu wawili tu, nyuma hakuna kiti. Binti yangu alikuwa anakata karatasi.

Nilimsahihisha Tetesi mara kadhaa katika kikao hicho. Yeye husema “gari itakuja”. Litakuja, nikamwambia.

“Babu, ikija au likija, si lazima tulivishe?”

Mama yake aliinamia kikombe ili nisimwone akicheka.

Jumanne, 11 Machi

Mvua, na goti. Tetesi anasema injini itakuwa nyuma.

Jumatano, 12 Machi

Injini imerudi mbele.

Jumamosi, 15 Machi

Nimepewa kazi, nayo ni kukaa.

Kuna picha moja ambayo mpita njia wa nchi ya mbali aliipiga kupitia kioo cha gari la majaribio. Inaonyesha bega la kiti, kipande cha kikalio, na kifungo cha mkanda. Basi Sponji amefanya jambo ambalo sikulitarajia kwake. Alisema vifungo vya mikanda karibu vyote ni vya ukubwa mmoja, akapima cha gari la jirani, kisha akakitumia kama rula ya kupimia picha nzima. Kwa vipimo hivyo wameunda kiti cha mbao na sponji katikati ya karakana, na mimi hukaa juu yake kila alasiri ili waone sponji inavyolala chini ya uzito wa mtu mzima. Tetesi anawaambia wateja kwamba babu yake ndiye abiria wa kwanza wa gari hilo duniani.

Kiti ni kizuri. Mgongo wangu umekisifu kabla yangu.

Jumatano, 19 Machi

Siandiki mambo ya kusikiliza ukutani, ila leo wameyasema mbele yangu. Wateja wamepungua. Watu wananunua vifuniko vilivyoshonwa kiwandani, vya saizi moja kwa magari yote, vinavyopwaya kama suruali ya kurithi. Tangu mwaka uanze binti yangu ameshona viti vya pikipiki zaidi kuliko vya magari. Amemwambia Tetesi waziwazi kwamba wakikosa kazi ya Mgeni, mvua zikiisha atafunga karakana na kwenda kuajiriwa kwenye kiwanda cha magodoro. Kiwanda kimeshamwita.

Tetesi aliuliza yeye na Sponji watakwenda wapi. Mama yake alisema, “Tuvishe kwanza hicho kiti.” Sponji aliendelea kuchonga. Kisu hakikubadili mwendo, ila sponji aliyoichonga ilitoka imepinda, naye si mtu wa kupinda.

Ijumaa, 21 Machi

Hakuna la kuandika. Mvua imeng’oa kibao cha Bwana Tayari. Amekirudisha leo hiihii, kama kinavyosema.

Jumatatu, 24 Machi

Nimeomba kazi isiyo ya kukaa. Binti yangu amenifundisha kupiga bandi, yaani ule mshono wa mkono, mrefu na mwepesi, unaoshikilia vipande viwili kabla havijapelekwa kwenye cherehani. Katika ngozi bandia hupita ukingoni kabisa, mbali na mstari wa chaki. Sponji alieleza sababu kwa maneno mengi kuliko aliyosema wiki nzima.

“Nguo ukiichoma inasahau, Mwalimu. Hii haisahau. Tundu likishaingia, limeingia.”

Mwanzoni mwa uzi unapigwa fundo. Mwishoni haupigwi. Nilidhani binti yangu amesahau, nikalipiga. Alilikata kwa meno, akaniambia kwamba bandi isiyo na fundo mwishoni hutoka kwa kuvutwa mara moja, na kwamba hiyo ndiyo faida yake. Nikasema uzi usio na fundo si kazi iliyokamilika. Akasema ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Alhamisi, 27 Machi

Sasa nimeona mbinu yake. Hakukisia. Wakati wenzake wanachagua toleo na kulishonea, yeye anashona yale ambayo lazima yawepo katika kila toleo, na mengine anayaacha na nafasi. Juu ya mgongo wa kiti ameacha ngozi ya ziada ya upana wa kiganja, imekunjwa ndani: mto wa kichwa ukiwa wa kuchomeka itakatwa, ukiwa umeungana na mgongo itapanda. Vifuniko vya nyuma pembeni vimeshikwa kwa bandi tu. Karakana nzima imejaa vitu vilivyo nusu. Mimi huamka nikavitazama na mkono unaniwasha.

Bwana Tayari amepita leo kuchungulia. Alisema viti vyake vilikwisha juzi, vimepigwa pasi, vimefungwa kwenye nailoni. Kisha akanigeukia, “Mzee, wewe msomi, waambie hawa kazi hupelekwa imekwisha.” Kwa kweli nilikuwa upande wake.

Jumanne, 1 Aprili

Tetesi amekuja na habari kwamba Mgeni ameahirishwa. Tulinyong’onyea mpaka alipotukumbusha tarehe.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Nimekuwa nikifikiri juu ya gari hilo, jambo ambalo sikulikusudia. Hoja yangu ni hii: kiwanda kinachotaka kuuza kwa bei nafuu hakitengenezi kipya pale kinapoweza kutumia cha zamani. Mto wa kichwa wa kuchomeka unafaa magari mengi. Kwa hiyo Mgeni atakuwa na mto wa kuchomeka. Viti vya nyuma vitakuwepo, vidogo, kwa sababu mnunuzi wa kawaida ana watoto. Paa halitakunjwa. Niliwasilisha hoja hiyo wakati wa chai. Sponji alitikisa kichwa polepole. Tetesi alisema babu amejiunga na tetesi.

Si tetesi. Ni hoja.

Jumatano, 9 Aprili

Tetesi amenikuta nikichora mlango wa Mgeni nyuma ya bahasha. Nilitaka kujua kama goti langu lingepita. Alirefusha mstari wangu wa dirisha, akasema laini ya paa ishuke mapema. Tukaishusha. Tulikuwa na matoleo manne kabla ya chakula cha mchana. La tatu ni zuri sana.

Jumatatu, 14 Aprili

Kiwanda kimetoa picha kamili ya ndani. Mto wa kichwa ni wa kuchomeka, na viti vya nyuma vipo, vidogo. Nilimwomba Tetesi anionyeshe tena baada ya chakula, na tena jioni.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimefanya kosa. Nitaliandika kwa mpangilio.

Asubuhi binti yangu na Tetesi walikwenda ukumbini kuuliza tarehe ya kufunuliwa kwa gari. Sponji alikuwa kwao, ana homa. Mvua ilishika, nikajua watachelewa. Karakana ilikuwa kimya na vifuniko viwili vya mbele vilikuwa mezani, vyekundu, vimeshikwa kwa bandi yangu mwenyewe, na ile ngozi ya ziada imekunjwa juu. Picha ya kiwanda ilikwisha kuthibitisha toleo. Kwangu jambo lilikuwa limekwisha. Nikaona kilichobaki ni kumalizia, na kwamba binti yangu amechoka, na kwamba ingependeza akirudi akute kazi imefungwa.

Cherehani naijua, mama yangu alikuwa mshonaji. Nilifuata mstari wa chaki kwenye kila mshono, polepole, bila kuyumba. Kisha nikachukua mkasi nikaondoa ziada yote, ndani na juu, kama inavyostahili. Nilifagia. Nikakaa kwenye kiti cha mbao nikisubiri, na sitaficha kwamba nilikuwa nimeandaa namna ya kupokea shukrani.

Waliingia wamelowa. Tetesi aliona wa kwanza, akasimama na mwavuli ukiwa bado wazi. Binti yangu alikichukua kifuniko, akapitisha kidole juu ya mshono kutoka mwanzo hadi mwisho.

“Umenyooka,” alisema. Kisha akauliza vile vipande vya juu viko wapi.

Vilikuwa kwenye ndoo ya takataka. Nilivikata vyembamba ili ndoo isijae.

Ndipo nikaambiwa habari za ukumbini. Picha ya kiwanda ni ya toleo moja. Kuna la pili, lenye viti vya mashindano, na yote mawili yamepakiwa melini. Meneja bado hajui ni lipi linaloshushwa hapa. Ngozi nyekundu imekwisha, na muuzaji hatarajii robota jingine kabla ya mwezi ujao. Kufumua hakusaidii, maana matundu yamebaki na ziada haipo.

Nilisema nilidhani imethibitishwa. Binti yangu hakupandisha sauti. Alikaa juu ya meza ya kukatia, jambo ambalo humkataza kila mtu kulifanya.

“Baba, umefunga mlango na mgeni hatujamwona.”

Tetesi aliufunga mwavuli.

Ijumaa, 18 Aprili

Nilifunga begi asubuhi. Binti yangu alinikuta kwenye ngazi.

“Unakwenda wapi na mvua hii?”

Nikamwambia kwangu.

“Na bandi atapiga nani?”

Nilidhani ananitania, lakini uso haukuwa wa utani. Nikasema sistahili kugusa sindano tena. Alilichukua begi mkononi mwangu, akaliweka nyuma ya mlango.

“Nimekasirika, Baba. Nitakasirika mpaka Jumapili hivi. Lakini kazi ipo, na mikono ni hii.”

Nilirudi ndani. Nimesahihisha watu wengi na kuwapa muda wa kujirekebisha. Sikumbuki kama niliwahi kuwaambia muda huo utakwisha siku gani. Kujua kunasaidia sana.

Jumapili, 20 Aprili

Amecheka wakati wa chai, kwa jambo lisilonihusu. Nimekihesabu kicheko hicho.

Jumanne, 22 Aprili

Sponji amepona na amekuja na mabaki ya ngozi nyeusi aliyoyatoa kwao. Binti yangu amekata vipande viwili vya kichwa, vyeusi, ambavyo vinaweza kuvishwa juu ya vile vyekundu ikibidi, na kuachwa isipobidi. Vinafanya kazi. Havipendezi. Tetesi anasema kiti kinafanana na mwanafunzi aliyeazima kola ya mwenzake siku ya ukaguzi.

Nimevipiga bandi. Ukingoni. Bila fundo.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua imepungua. Bwana Tayari amesikia habari za kola nyeusi, sijui kwa nani, na ameuliza kwa sauti ya barabara nzima kama kuna msiba.

Jumanne, 29 Aprili

Tetesi anaogopa. Nimejua kwa sababu siku mbili hajaleta habari yoyote. Leo nilimuuliza mwenyewe kama kuna jipya juu ya paa la kukunja. Alinitazama kwanza kuona kama namcheka. Kisha akasema kuna mtu ameandika kwamba toleo la paa la kukunja litafuata mwakani. Aliniambia mengi, na mengine yalikuwa na mantiki. Alisema “itafuata”. Niliiacha ipite.

Jumamosi, 3 Mei

Siku ya kufunuliwa.

Tulikwenda wote wanne, vifuniko vimefungwa kwenye karatasi ya nailoni, sindano zangu nimezichomeka kwenye ukosi wa koti. Ukumbi una sakafu inayoteleza na taa nyingi. Mafundi walikuwa watano, kila mmoja na mzigo wake. Bwana Tayari alivaa tai.

Meneja, mtu mrefu anayeongea kwa haraka, alivuta shuka. Gari ni dogo kuliko nilivyolichora, na laini ya paa inashuka mapema, kama Tetesi alivyosema. Rangi ni ya machungwa. Baada ya miezi miwili ya kuzungumziwa, lilikuwa pale na magurudumu yake, halimjui yeyote kati yetu.

Paa halikunjwi. Viti vya nyuma vipo. Vya mbele ni vya mashindano, kichwa na mgongo kipande kimoja, na kwenye kila bega pana tundu refu la kupitishia mkanda, jambo ambalo hakuna picha wala tetesi iliyolisema. Basi kila mtu alipata kipande na hakuna aliyepata gari zima. Nilitazama yale mabega, nikajua jinsi ile ngozi ya upana wa kiganja ingepanda, na mahali ambapo ingekatwa ipishe tundu. Nilijua pia iko wapi.

Walijaribu mmoja baada ya mwingine. Vya Bwana Tayari vilikuwa safi na vimenyooka, ila viliishia kwenye bega kama fulana ya mtoto. Alivuta kwa heshima, kisha akavuta kwa hasira, na mshono ukapasuka kwa mlio ambao ukumbi wote uliusikia. Nyuma hakuwa na chochote. Sikufurahi. Kwa mbinu, mimi na yeye tulikuwa kitu kimoja.

Zamu yetu ilipofika binti yangu alivisha vya mbele. Nyekundu ilikaa vizuri mpaka begani. Kola nyeusi ilipanda, ikafunika tundu la mkanda, ikakunjamana. Meneja alisema kwa upole kwamba hapana. Tetesi alikuwa amenishika mkono wa koti. Nadhani hakujua.

Binti yangu hakujitetea. Aliuliza kama anaweza kuonyesha vya nyuma. Meneja alitazama saa, akakubali.

Sponji alikichomoa kikalio cha nyuma, kwa kuwa vya namna hiyo hutoka kwa kunyanyuliwa, akakiweka juu ya meza. Binti yangu alikivisha kifuniko, kikapwaya. Akavuta uzi wa bandi ubavuni, ukatoka mara moja. Akafinya ngozi mpaka ikalala, akaweka pini, akaninyooshea mkono bila kunitazama, na mimi nikampa sindano iliyokwisha kutungwa. Kisha akasema, “Baba, upande ule.” Tukashona kila mtu ubavu wake. Sponji alikirudisha garini, na kifuniko kilikaa kana kwamba kiti kilizaliwa nacho.

Meneja aliingia nyuma kwa shida, magoti yakiwa karibu na masikio, akapapasa ukingo wote. Aliuliza kiti hicho kilipimwaje wakati gari lilikuwa bado baharini.

“Sikukipima,” alisema binti yangu. “Nilikiachia nafasi.”

“Na hivi vya mbele mbona hukuviachia?”

Nikaona anatafuta namna ya kulijibu hilo bila kunitaja. Nilisogea mbele.

“Aliviachia. Mimi ndiye niliyekata, akiwa hayupo.”

Meneja aliniuliza mimi ni nani. Watu wanapouliza hivyo huwa nasema mwalimu mstaafu, na kwa kawaida hunipa kiti.

“Mimi ni mpiga bandi wake,” nikasema.

Alicheka, lakini si kwa kudharau. Alitoka garini kwa mafungu, akazungumza na kijana wa ofisini, kisha akasema maneno ambayo nayanakili kama yalivyo: “Mama, sina muda wa kukisia tena. Chukueni kiti kimoja cha mbele, nendeni nacho. Mkirudisha Jumamosi kimevaa vizuri, kazi ni yenu.”

Tumekileta nyumbani ndani ya gari la kukodi, kimefunikwa nailoni, Sponji amekikumbatia. Alikuwa analia kidogo. Tulijifanya ni mvua.

Jumanne, 6 Mei

Kiti halisi kimewekwa kando ya kile cha mbao. Tofauti yao kwenye kikalio ni upana wa kidole. Sponji alivitazama kwa muda mrefu, kisha akarudi kwenye kisu chake.

Ngozi nyekundu bado. Muuzaji anasema Alhamisi.

Alhamisi, 8 Mei

Robota limefika, limelowa upande mmoja, ila ndani ni kavu. Tetesi alikata. Mkono wake umetulia kuliko wangu ulivyowahi kuwa. Alipofika mgongoni aliacha ziada ya upana wa kiganja, ingawa kiti kiko mbele yake na hakuna tena cha kukisia. Nilimuuliza kwa nini. Alisema ni mazoea ya karakana.

Jumamosi, 10 Mei

Kimepokelewa. Meneja alichomeka mkanda kwenye tundu, akauvuta mara kadhaa, akakaa, akainuka, akakaa tena. Kazi ni ya binti yangu, magari yote yatakayokuja mpaka mwisho wa mwaka, na amemwambia asiache kuongeza mtu. Njiani tulipita kwa Bwana Tayari. Binti yangu alisimama akamuuliza kama ana nafasi ya kushona migongo, kwa sababu hakuna mtaani anayenyoosha mshono wa cherehani kuliko yeye. Alisema atafikiri. Kabla hatujavuka barabara alikuwa ameshafikiri.

Jioni binti yangu aliwapigia simu watu wa kiwanda cha magodoro. Sikusikiliza ukutani. Mlango ulikuwa wazi.

Jumatano, 14 Mei

Jua tangu asubuhi. Njia ya kwangu itakuwa imekauka. Nilitoa begi nyuma ya mlango nikalipangusa vumbi, nikalirudisha.

Tetesi ameingia na simu yake. Kuna picha mpya: taa moja, gizani. Anasema ndilo toleo la paa la kukunja, wameliharakisha, litakuja vuli. Alisema “litakuja”, kwa kunifurahisha, na nikamwambia hakuna uthibitisho wowote kwamba ni gari lilelile. Inaweza kuwa taa ya gari lolote. Inaweza kuwa taa ya chooni.

Kisha nikamuuliza kama viti vyake vya nyuma vitakuwa viwili au kimoja kirefu.

Tulibishana mpaka chai. Mimi nasema kimoja, kwa sababu paa likikunjwa linahitaji mahali pa kulala. Sponji yuko upande wangu. Binti yangu alikuwa ameshatandaza karatasi mezani. Baadaye aliniletea vipande viwili vya ngozi na sindano.

“Bandi tu, Baba.”

Nilitunga uzi mrefu. Nilipita ukingoni, mbali na chaki, mpaka kona ya mwisho. Mwishoni sikupiga fundo.